Miwani ya Mama Vumbi

Mara ya tatu Mama Vumbi alipoirudisha sahani ileile kwenye maji, Mchokozi alijua kwamba leo hatoki ndani ya nyumba hii bila kusema.

Sahani ilikuwa safi. Ilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Chakula kilikuwa kimeshaiva na kufunikwa, meza ilikuwa tupu ikisubiri vyombo, na mama mtu mzima, ambaye kazini walimbandika jina la Mama Vumbi kwa sababu kwa miaka thelathini na moja hakuna punje ya vumbi iliyowahi kumpita, alikuwa amesimama kwenye sinki la jikoni kwake, Jumapili mchana kweupe, akiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Anaisogeza karibu na pua. Anaipeleka mbali. Anavua miwani mipya, anaivaa tena. Kisha anaguna na kuichovya upya.

"Mama, nikusaidie?"

"Unisaidie na macho gani? Hayo ya kukodolea michezo?" Alisema kwa mazoea tu, hakukuwa na ukali ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza Mchokozi zaidi. Zamani maneno ya mama huyu yalikuwa na meno. "Hebu njoo lakini. Niambie ukweli. Hapa pembeni pana doa?"

Mchokozi akasogea, akatazama. Sahani nyeupe, maji yanachuruzika, basi.

"Hapana doa, Mama."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi ni mimi." Mama Vumbi akaiweka sahani kwenye kichanja polepole, kama mtu anayeweka kitu cha kuazima. "Daktari alisema miwani nitaizoea. Kwa kweli naona sizoei. Ndiyo umri huo, tutafanyaje."

Mchokozi akajifanya anapangusa kingo za sinki ili uso wake usionekane. Sebuleni mpenzi wake, mwana wa Mama Vumbi, ambaye hapa tutamwita Mhandisi kwa kuwa ndiyo kazi yake, alikuwa amewapa mgongo, gazeti mkononi. Ukurasa haukuwa umegeuzwa tangu walipofika.

Ili uuelewe uzito uliomkalia binti huyu kifuani, lazima turudi nyuma kidogo.

Mchokozi alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, ila si ile ya kupigana risasi. Yeye alitengeneza michezo ya watu wawili wanaosaidiana. Mmoja ana macho lakini hana mikono, mwenzake ana mikono lakini haoni kitu. Wa macho lazima aseme anachokiona. Akinyamaza, mikono ya mwenzake inaganda, na wote wawili wanakwama hapo hapo walipo. Miaka miwili iliyopita aliupeleka mchezo huo kwenye maonyesho, akaja kijana mmoja mrefu, mpole, mikono yake myembamba na safi kama ya daktari wa meno. Akapewa upande wa macho. Akaganda.

"Sema basi!" Mchokozi alimfokea huku akicheka. "Tunakufa!"

"Niseme nini?"

"Unachokiona!"

"Nakuona wewe," kijana alisema, kisha akaona haya mpaka masikio.

Kuanzia siku hiyo Mchokozi hakuwa na ujanja tena. Alipenda mpaka akawa anajishangaa.

Huyo kijana ndiye Mhandisi. Kwa miaka minne alikuwa akiunda kitu kimoja tu, kifaa walichokiita Jicho. Kingefungwa juu ya kigari cha magurudumu sita na kurushwa hadi sayari nyingine, na huko kingemulika miamba na kuisoma kwa mwanga unaorudi: jiwe hili lina chuma, lile liliwahi kulowana maji. Na pembeni ya Jicho palifungwa bamba dogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, lenye viduara vya rangi na kimoja cheupe. Kila asubuhi huko mbali, kabla ya kazi, Jicho lingelitazama bamba lile kwanza ili likumbuke nyeupe ni ipi. Likisahau nyeupe, kila jiwe litasingiziwa.

Bosi wa usafi wa chumba kilimoundwa kifaa hicho alikuwa Mama Vumbi mwenyewe, mama mzazi wa Mhandisi. Humo huingii bila kuvaa joho jeupe, barakoa na glavu, na huingii peke yako. Mnaingia wawili, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Hiyo ndiyo sheria yake, na aliisimamia nyumbani kama kazini. Mchokozi alipoletwa kutambulishwa, kitu cha kwanza mama alichokagua ni kucha zake. Cha pili ni kazi yake.

"Mwanangu anapeleka kitu kwenye sayari nyingine," alisema siku hiyo, akimtazama juu hadi chini. "Wewe unawapeleka watu wapi? Kwenye kochi?"

Mhandisi alicheka. Mchokozi naye alicheka, lakini neno lile alienda nalo nyumbani na halikumtoka. Alitamani mama huyu amkubali, na hakuwa na cha kumwonyesha isipokuwa mchezo ambao mama aliuita wa watoto.

Sasa, wiki tano zilizopita, Mchokozi aliombewa kibali cha kuingia chumba kile, akaone kazi, imsaidie kwenye mchezo wake. Waliingia saa kumi na nusu za jioni, yeye na Mhandisi. Bamba lilikuwa mezani, wazi. Asubuhi ya siku hiyo Mama Vumbi alikuwa amelikagua na kulitia saini. Mhandisi akaanza kulieleza, na sauti yake ikabadilika. Ikawa ya chini, ya taratibu, sauti ambayo Mchokozi alidhani ni yake peke yake.

Hapo simu ya ukutani ikalia. Mhandisi akageuka kuipokea, akampa mgongo. Haikuzidi robo dakika. Ndani ya robo dakika hiyo Mchokozi alivua glavu ya kulia na kuweka kidole gumba juu ya kiduara cheupe.

Kilikuwa cha baridi. Akavaa glavu. Mhandisi alipogeuka alimkuta ametulia kama mtoto aliyemaliza kulamba sukari.

Kesho yake bamba likapelekwa kwenye chumba cha kujaribia jua, likaanikwa chini ya taa kali kwa siku nyingi, na mafuta kidogo ya kidole yakaungua, yakageuka doa la kahawia. Wakafuta, likabaki nusu, na katikati ya nusu hiyo mstari mwembamba kama mkwaruzo. Kamati ikaundwa. Fomu zikaletwa: je, kuna aliyevua glavu? Mchokozi alitia alama kwenye *hapana*. Mhandisi naye alitia *hapana*, maana hakuona kitu. Basi ikawa jioni ile hapakutokea kosa, na kama hapakutokea kosa jioni, kosa lilikuwepo asubuhi, na asubuhi aliyekagua ni Mama Vumbi.

Siku kumi na nane zilikuwa zimepita tangu fomu ile. Mama Vumbi hakugombana na kamati. Alikwenda nyumbani, akakaa, akaanza kuyashuku macho yake. Sasa kwenye droo ya kabati la vyombo palikuwa na barua iliyokunjwa mara mbili, ambayo kesho saa tatu angeipeleka mwenyewe: kwamba alikagua na hakuona, kwamba anaomba kupumzika. Na Jicho nalo lingeachwa. Uchafu usiojulikana umetoka wapi hauaminiki. Ilibidi kifaa chote kifunguliwe upya, na kigari hakisubiri mtu. Mahali pa Jicho pangezibwa na kifuniko.

Bamba la akiba lilikuwepo. Lingetosha kubadilishwa, endapo mtu mmoja angesema: ni kidole changu, siku fulani, saa fulani.

Huo ndio uzito wenyewe. Sasa turudi jikoni.

"Mama, natoka nje mara moja," Mchokozi alisema.

Akapita sebuleni, akamgusa Mhandisi begani. "Njoo."

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mdogo wa saruji, kamba ya nguo na stuli mbili za plastiki. Hawakukaa.

"Nina jambo la kukwambia," Mchokozi alianza. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya mbele ya kioo siku tatu mfululizo. Yote yakayeyuka. "Ukishalisikia, ukitaka tuachane, nitakuelewa. Sitakulaumu hata kidogo. Lile doa..."

"Usiseme."

"Lazima niseme. Lile doa ni..."

"Mchokozi, nakuomba. Usiseme." Mhandisi alikuwa ameangalia chini. "Ukishasema, itanibidi nifanye kitu."

Polepole, maana ya maneno yale ikamfikia Mchokozi.

"Unajua?"

Mhandisi akaendelea kuangalia chini.

"Unajua tangu lini?"

Mhandisi akauchukua mkono wa kulia wa Mchokozi, akaufungua. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu jembamba lililonyooka, la mfuniko wa kopo, tangu akiwa na miaka saba. Akapitisha kidole chake juu ya kovu hilo, taratibu, kama alivyozoea kufanya wakiwa wamekaa kwenye sinema.

"Walileta picha ya doa siku ya tatu baada ya fomu," alisema. "Wenzangu wote wakasema mstari ule ni mkwaruzo. Mimi nikasema, ndiyo, ni mkwaruzo. Nimeushika mkono huu miaka miwili. Ningekosaje kuujua?"

Ingekuwa siku nyingine, maneno hayo yangemfanya atabasamu. Siku hii yalimtia baridi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema kweli. Ungesema kweli ungefungiwa mlango, jina lako lingeandikwa, na Mama... Mama amekuwa akitafuta sababu ya kukukataa tangu siku ya kwanza. Nisingempa hii. Nilijiambia Jicho litakwenda safari nyingine. Miaka minne mingine si mingi."

"Na yeye?"

"Yeye amebakiza mwaka mmoja tu astaafu."

"Mhandisi, mama yako anaosha sahani safi mara tatu!"

"Najua."

"Ananiuliza mimi kama pana doa! Mimi! Siku kumi na tano unajua, unakaa humo na gazeti..." Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Miwani ilinunuliwa lini? Nani alimpeleka? "Siku uliyompeleka kwa..."

"Usimalizie," Mhandisi alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nilifanya kwa ajili yako. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, unanijua mimi na kusema. Kesho itapita. Atapumzika. Tutaoana, atakuzoea, tutamtunza. Nakuomba."

Mchokozi alimtazama mwanaume huyu ambaye, ili kumlinda yeye, alikuwa ametoa kazi yake ya miaka minne, akatoa na jina la mama yake, vyote bila kupepesa. Alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumpiga kofi. Na chini ya yote hayo palikuwa na aibu iliyokuwa ikimchoma tangu wiki tano zilizopita, na sasa aliiona na kwa mwenzake.

"Mimi niliogopa," alisema. "Sina cha kujitetea. Lakini naingia ndani."

"Ukiingia, unatumaliza."

"Basi tumalizike."

Mama Vumbi alikuwa bado kwenye sinki. Mchokozi alisimama nyuma yake, akiwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili.

"Mama. Lile doa la kwenye bamba ni kidole changu."

Maji yakaendelea kutiririka. Mama Vumbi akanyoosha mkono, akafunga bomba. Hakugeuka.

"Rudia."

"Ni kidole changu. Jioni ile nilivua glavu nikaligusa. Halafu nikaandika kwenye fomu kwamba sikugusa. Nimekusingizia siku kumi na nane."

Mchokozi alisubiri kelele, alisubiri sahani ivunjwe. Mama Vumbi aligeuka, na swali lake halikuwa lile alilolitarajia.

"Asubuhi nilipolikagua, lilikuwa safi?"

"Lilikuwa safi, Mama."

"Uliliona kabla hujaligusa? Hakukuwa na kitu juu yake? Usinifariji."

"Sikufariji. Weupe wa bamba lile sijawahi kuuona popote. Halikuwa na kitu."

Mama Vumbi akavua miwani. Akaikunja, akaiweka juu ya friji, akashika ukingo wa sinki, mabega yake yakaanza kutikisika. Mchokozi alidhani ni hasira.

"Kwa hiyo naona," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Naona. Nilikuwa nimeacha hata kushona. Nilikuwa naogopa kumimina chai ya moto."

Mchokozi akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya jikoni, akaanza kulia bila kujizuia.

"Nyanyuka. Sakafu imelowa." Mama Vumbi akajifuta macho kwa kiganja. "Nyanyuka nikuulize vizuri. Uligusa ya nini? Wewe ni mtu mzima, ulielezwa sheria. Ilikuwa kwa ajili ya huo mchezo wako?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Mchokozi aliuona. Ndiyo, kwa ajili ya kazi. Lilikuwa jibu la heshima.

"Hapana, Mama. Ni wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa bamba." Akacheka huku analia, kwa jinsi neno lenyewe lilivyokuwa la kijinga. "Analishika vile... kwa upole vile. Analisemea kwa sauti ile. Nikaona hiki kitu ndicho kilichonichukulia jioni zangu zote, na kitakwenda mbali kuliko mtu yeyote, na hakuna hata kidogo changu kitakachokwenda nacho. Nikataka nikiguse tu. Ni hivyo. Sina sababu nyingine."

Mama Vumbi alimtazama, sasa bila miwani, na macho yale yalikuwa makali kama siku ya kwanza.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nimesikia sababu za kila aina. Mtu kawashwa pua. Mtu kapigiwa na mkewe. Hiyo sijaisikia." Akavuta kiti, akakaa. "Na mwenzako wakati huo alikuwa wapi? Wa kuchunga mikono yako?"

Mhandisi alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemsikia akiingia.

"Nilikuwa nimegeuka, Mama."

"Umegeuka kwa nini?"

Mchokozi alimtupia Mhandisi jicho la kumsihi asiseme. Lakini Mama Vumbi hakuwa akingoja jibu la kwa nini mwanawe aligeuka. Kuna kitu kingine kilikuwa kimemgusa. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, kama anavyotazama kitu kabla hajakitia saini.

"Wewe hushangai," alisema.

"Mama..."

"Mchumba wako amepiga magoti jikoni kwangu, anasema kidole ni chake, na wewe hushangai. Ulijua."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Siku ya tatu. Nilipoona picha."

Mama Vumbi akahesabu kwa vidole vyake vilivyolowa, moja, mbili, tatu. Vidole vikasimama.

"Daktari wa macho ilikuwa siku ya saba."

"Mama, nisamehe."

"Ulinishika mkono kwenye zile ngazi," Mama Vumbi alisema. Hakupandisha sauti. "Ulikaa kwenye kiti pembeni yangu. Nikasomeshwa herufi za ukutani, nikakosea mbili, nikakuangalia, ukaniambia, si kitu Mama, ni umri. Huyu binti si wangu. Ana haki ya kuniogopa, na kwa kweli nimempa sababu. Lakini wewe? Ulikuwa unaniangalia nikisoma."

Mhandisi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Ile ganzi yake ya siku ya maonyesho ilikuwa imemrudia, ila leo hakuna aliyecheka. Mchokozi aliiona, na hatia ikampanda upya. Kidole kimoja, robo dakika, na sasa amesimama katikati ya mama na mwanawe. Laiti mama angemtukana yeye. Angepumua.

Mama Vumbi akafungua droo, akatoa ile barua, akaichana mara mbili bila mbwembwe. Kisha akatoa daftari na kalamu, akaviweka mezani mbele ya Mchokozi.

"Andika. Tarehe, saa, mkono upi, kidole kipi. Kamati inakaa kesho saa tatu, ikipata hii asubuhi watafunga bamba la akiba na Jicho litakwenda. Wewe mlango wa chumba kile hutaukanyaga tena. Huyu atapata barua ya onyo. Mnaelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Andika."

Mchokozi akaandika. Herufi zikawa ndogo na za kubanana. Aliandika saa, akaandika glavu ya kulia, akaandika fomu ya uongo. Alipofika pale Mhandisi alipogeuka, kalamu ikasita. Akaruka sababu yake, akaendelea mstari wa chini, akatia saini.

Mama Vumbi akaichukua karatasi. Hakugusa miwani. Aliinyoosha mbali kidogo, kuelekea dirishani, akaisoma neno kwa neno, midomo yake ikisogea.

"Hapa umeruka," alisema. "Umeandika, mwenzangu aligeuka. Aligeuka kwa nini?"

"Si lazima, Mama."

"Binti, mimi nakuuliza."

"Simu ya ukutani ililia," Mchokozi alisema, akitazama meza. "Akaipokea."

"Ile ni ya dharura tu. Aliyepiga naye atajieleza. Nani alipiga?"

Hakuna aliyethubutu kumwangalia. Mama Vumbi akaanza kurudia swali, akaishia njiani. Kumbukumbu ilimpata hapo hapo alipokaa. Waliiona inavyomwingia usoni. Saa kumi na nusu, akiwa ofisini kwake juu, ameshakunja joho, ana wasiwasi kwamba mwanawe ameshinda na chai tu.

"Ni mimi," alisema. "Nilipiga kumuuliza kama amekula."

"Ndiyo maana sikuandika," Mchokozi akasema upesi. "Halihusiani..."

"Linahusiana. Lete kalamu." Akaichukua, na pale palipoachwa akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa ulionyooka: *Simu ilipigwa na mimi, nje ya kanuni, kumuuliza mwanangu kama amekula.* Akatia saini yake, ile ambayo hakuwa ameiandika mahali popote kwa siku kumi na nane. Akaikagua, akaridhika.

Kisha akanyanyuka. Akachukua miwani juu ya friji, akaitumbukiza mkononi mwa Mhandisi bila kumwangalia. "Kairudishe."

Akaenda kwenye kichanja. Akatoa sahani, akaiinua dirishani mara moja tu, akaiweka mezani. Akatoa ya pili, mara moja tu, akaiweka kando ya ya kwanza. Akafunua sufuria. Mvuke ulikuwa umeshaisha.

Mhandisi bado alikuwa mlangoni, miwani mkononi, akiwa anaangalia zile sahani mbili. Maisha yake yote hapakupita siku bila kuulizwa swali moja na mama yake, kwa simu, mlangoni, hata kwa kikaratasi kwenye begi la shule. Alikuwa akilisubiri.

Mama Vumbi akamgeukia Mchokozi.

"Wewe, umekula?"

"Sijala, Mama," alisema.

"Kaa."

Mchokozi akakaa nusu, akanyanyuka tena. Hakuweza. Akanyoosha mkono kwenye kichanja kumchukulia Mhandisi sahani ya tatu. Mama Vumbi akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu kidogo, kidole gumba chenye kovu kikiwa juu.

"Mwache," alisema. "Anajua sahani zilipo."

Mchokozi akarudi kukaa. Nyuma yake hakusikia hatua za Mhandisi, na ulipita muda mrefu kabla hajazisikia.